Mtaa wa Mtu Mmoja

Shemeji yangu Rogathe ana miaka sabini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumsikia akisema "labda". Mtu wa kawaida ukimuuliza kama mvua itanyesha, atatazama mawingu kisha aseme labda jioni. Rogathe husema itanyesha, au haitanyesha, na mambo yakienda vingine kosa ni la mvua. Kaka yangu marehemu, Yoakimu, aliishi naye miaka thelathini na minane. Siku moja kwenye harusi aliombwa awape maharusi siri ya ndoa kudumu, akasema siri ni kukubali mapema, kabla chakula hakijapoa.

Naandika habari zake kwa sababu huku kwetu Tumati zinasimuliwa vibaya. Wapo wanaosema ni mtakatifu, wapo wanaosema ni mkaidi. Mimi ninaitwa Hermani, ni mdogo wa mumewe, shamba langu limepakana na kanisa analosali, na kwa hiyo nina haki ya kusema kwamba ni mkaidi. Habari ya utakatifu nawaachia wenye kazi hiyo.

Alizaliwa Endagikot, karibu na mji wa Mbulu, Jumapili ile ya baada ya Pasaka ambayo Walutheri hufundishwa juu ya maombi, ndiyo maana akapewa jina hilo, ambalo kwa Kilatini ni "ombeni". Wenzake wengi wenye jina hilo wamelivaa kama jina tu. Yeye alilichukua kama kibarua cha kudumu. Alisoma mpaka darasa la nne, akapata kipaimara, akaja kuolewa kwetu na sanduku la bati lenye Biblia, pamoja na jembe jipya. Mama yetu alipoliona jembe alifurahi. Alipoiona Biblia aliuliza kama bibi harusi anajua pia kukamua. Alijua.

Kanisa letu kizazi chake ndicho kilicholijenga. Wanaume walifyatua matofali na kuyachoma, wanawake wakabeba maji kutoka bondeni, Rogathe akiwa na ndoo kichwani na binti yake Evaline mgongoni. Mabati ishirini na nane yalipatikana kwa maharage ya kijiji kizima, misimu miwili. Madirisha hayajapata vioo mpaka leo, yana mbao za kufungua na kufunga tu. Kengele ni ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye mkaratusi. Ukiipiga kwa kipande cha nondo inasikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Kwa wasio Walutheri nieleze kidogo. Kanisa kubwa lenye mchungaji tunaliita usharika, na usharika una matawi vijijini yanayoitwa mitaa. Mchungaji huja mtaani mara chache, na siku nyingine ibada huongozwa na mwinjilisti au mzee wa kanisa. Siku zake njema mtaa wetu ulikuwa na watu mia moja na arobaini, na kwaya mbili zilizochukiana, kama inavyotakiwa.

Kuondoka kwa watu hakukuanza kwa kishindo. Kwanza mwinjilisti alihamishwa na hakuletwa mwingine. Kisha pale njia panda akaja nabii mmoja na hema, jenereta na spika nne. Vijana walikwenda kuangalia spika, wakakaa. Mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa, nabii akatangaza itanyesha Alhamisi, na Alhamisi ikanyesha. Simu ya mwanangu nayo ilikuwa imesema Alhamisi, lakini simu haikuwa na hema. Kwa wiki mbili tukapoteza kwaya moja nzima na kinanda. Modest, mzee wa kanisa aliyekuwa na sauti kuliko wote, ng'ombe wake walianza kufa, akaenda kwa mganga, na baada ya hapo akaona haya kukaa benchi la mbele. Benchi la nyuma hakulitaka, kwa hiyo akakaa nyumbani. Wengine waliondoka kwa sababu wengine wameondoka. Watu mkiwa mia, mmoja akisinzia haonekani. Mkiwa kumi anaonekana, na hilo limewashinda Wakristo wengi.

Sasa nifike kwangu, maana nimewasema wenzangu vya kutosha.

Sisi baada ya ibada huwa na mnada. Mtu akileta sadaka ya kuku, au mayai, au boga, hutolewa nje ya kanisa, mzee mmoja anainadi, watu wanapandishiana bei na kutaniana. Sikukuu ya Mavuno, miaka minne iliyopita, mimi nilileta beberu. Nakiri hakuwa beberu wa kutisha. Alikuwa ametoka kuumwa, na tulikuja naye kwa mguu kwenye matope. Modest ndiye aliyekuwa ananadi. Akamzunguka yule mnyama mara moja, akamwangalia meno, kisha akawauliza watu, "Ndugu zangu, huyu ameletwa kutolewa sadaka, au ameletwa kuombewa?"

Walicheka mpaka wazee wakashikana mabega. Hakuna aliyetaja bei. Nilisimama na kamba mkononi kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mahubiri, hadi Rogathe alipoinua mkono nyuma kule akamnunua. Kuchekwa na Modest ningevumilia. Kuhurumiwa na shemeji yangu mbele ya watu wote kulinishinda. Nilimkabidhi kamba bila kumtazama, nikaenda nyumbani, na sikurudi tena kanisani. Watu huku kwetu hawaliachi kanisa kwa sababu ya mafundisho. Wanaliacha kwa sababu ya mbuzi.

Nilijaribu hema mara mbili, spika zikaniumiza jino. Nikawa Mkristo wa nyumbani, maana yake mtu anayelala hadi saa tatu.

Bandu bandu huisha gogo. Mwaka jana kabla ya Pasaka walikuwa wamebaki wawili tu, Rogathe na bibi mmoja aitwaye Oliva ambaye masikio yalikuwa yamemwisha na alikuwa akiimba wimbo tofauti na ule uliotajwa. Baada ya Pasaka watoto wa Oliva wakaja kumchukua wakaishi naye Katesh. Jumapili iliyofuata Rogathe akawa peke yake.

Jumapili hiyo mimi nilikuwa natengeneza uzio. Lazima ieleweke kwamba uzio wa shamba langu unapita hatua tatu tu kutoka dirisha la kanisa. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa kazini kwangu, na masikio hayana mlango.

Alipiga kengele ya kwanza, ya pili, na ya tatu ile ya wachelewaji, sijui mchelewaji gani. Akafungua dirisha. Akasoma sehemu ya kiongozi, akahama kidogo aliposimama, akaitikia sehemu ya ushirika, yaani ya waumini wote. Alipofika kwenye matangazo nilifikiri ataruka, lakini alitangaza kwamba Jumapili ijayo ibada ni saa ile ile na watu wasichelewe. Mahubiri yake yalikuwa kusoma somo kisha kufikiri kwa sauti. Siku hiyo alijikemea sana juu ya ulimi wake, na mimi kule nje niliona kwamba neno limefika mahali pake.

Kisha mnada. Alikuwa amekuja na kuku. Akatoka nje, akamnyanyua, akauliza nani anaanza. Akataja bei yeye mwenyewe. Akaiona ni matusi kwa kuku wa aina ile, akaipandisha, akamnunua kwa hiyo ya pili, akaweka sadaka kwenye kikapu na kurudi nyumbani na kuku wake. Jumapili iliyofuata kuku yule yule akaletwa tena. Nakwambia kweli, kuku yule amehudhuria ibada kuliko wazee wengi wa kanisa ninaowafahamu.

Tangu siku hiyo uzio wangu ukawa unaharibika kila Jumapili asubuhi. Nilipigilia, nikafunga waya, nikabadilisha nguzo ambazo hazikuwa na kosa. Ilipofika Krismasi hapakuwa na uzio imara kama ule katika Mbulu nzima, upande ule mmoja. Pande nyingine tatu ng'ombe wa watu walikuwa wanapita watakavyo.

Evaline, binti yake, ni muuguzi Haydom. Alikuja mwezi wa pili akitaka kumhamisha mama yake. Mimi nilikuwepo jikoni nakunywa chai, kwa hiyo maneno haya sikuyapata kwa watu.

"Mama, njoo ukae na sisi," Evaline alisema. "Kanisa liko karibu na nyumba. Lina watu wengi, lina mpaka maikrofoni."

"Nani amekwambia sisikii?"

"Sijasema husikii. Lakini unasali peke yako na kuku. Watu wanasemaje?"

"Watu gani? Si wameondoka?"

Evaline alinitazama ili nimsaidie. Nikatazama chai.

"Siku ya kipaimara," Rogathe akasema, "mchungaji aliniuliza kama nitamfuata Bwana mpaka mwisho. Nikajibu nitamfuata. Hakuniuliza kama Modest atakuwepo." Akachochea moto. Kisha akasema taratibu, si kwa sauti yake ile ya kawaida, "Usifikiri haiumi, mwanangu. Inauma. Kuna Jumapili nashika kitasa cha mlango na miguu inakataa. Naiambia miguu, sisi si wageni hapa."

Evaline aliondoka peke yake. Mimi nilimaliza chai nikaenda zangu, na njia nzima nilikuwa na hasira ambayo sikujua ni ya nani.

Mwezi wa nane mchungaji Theodory alifika kwa pikipiki. Ni kijana mwenye adabu. Alisema shikamoo kwa kuinama, akala ugali na maziwa mgando aliyopewa, akashukuru, na ndipo akalitoa lililomleta. Nilikuwepo pia, safari hii nimeazima shoka.

"Mama, baraza la usharika limekaa," alisema.

"Likaamua nini?"

"Kuna mtaa mwingine wana watu zaidi ya mia, wanasali chini ya turubai. Upepo ukija wanaishika turubai kwa mikono yote miwili, hakuna anayeweza kufungua kitabu. Na hapa kuna mabati ishirini na nane, na mtu mmoja."

Kusema kweli, hoja ilikuwa na haki, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Bwana alisema wakikutana wawili au watatu kwa jina lake, yupo kati yao," mchungaji akaendelea, na nilimwona kwamba alikuwa amelifanyia mazoezi. "Wewe mama ni mmoja."

"Na Bwana mwenyewe hamumhesabu?"

"Kwenye fomu hana nafasi yake, mama."

Wakakubaliana hivi. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa mchungaji atakuja na wazee wa usharika na fundi. Wakimkuta Rogathe peke yake, mabati yatashuka siku hiyo hiyo. Wakimkuta na mtu wa pili, wa mtaa huu kweli, si wa kuazimwa, mtaa utabaki mtaa. "Hata mmoja tu, mama," mchungaji alisema akivaa kofia yake ya pikipiki. "Nitafutie mmoja tu." Na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, si anayeamuru.

Jioni ile Rogathe alikaa kwenye ngazi ya kanisa mpaka ng'ombe wakarudi. Nilimwona akipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tulipomzika Yoakimu. Iliniuma sana, nikaenda kupigilia msumari ambao haukuhitaji kupigiliwa.

Kesho yake alianza kutembea. Alizunguka nyumba zote za waliokuwa watu wa mtaa, wiki nne, na fimbo yake na buti za mvua. Hakumsihi mtu. Alifika, akaamkiwa, akanywa alichopewa, akasema Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa kuna ibada, akaondoka. Modest alisema angekuja ila ana ng'ombe anayekaribia kuzaa. Vijana wa hema walisema siku hiyo wana tamasha. Mama mmoja alisema atakuja kama wengine watakuja, na nyumba iliyofuata wakasema hivyo hivyo, na nyumba ya tatu pia. Ukiwajumlisha wote waliokuwa wanawangojea wengine, kanisa lingejaa.

Hata Zulfa, mwenye duka njia panda, habari ilimfikia. Zulfa ni Mwislamu, baba yake alikuja huku kwa biashara akitokea Kondoa, naye anampenda Rogathe kwa sababu ni mteja asiyebishana bei.

"Bibi, mimi na watoto wangu tutakuja tukae nyuma," alimwambia. "Mchungaji atajuaje?"

"Mungu atajua, mjukuu wangu. Na wewe una sala zako. Ukiziacha kwa ajili yangu, hapa njia panda atabaki nani mwaminifu?"

Zulfa alicheka, akamfungia nusu kilo ya sukari, akakataa kulipwa.

Mimi, katika wiki hizo nne, nilikuwa nangoja zamu yangu. Nilifagia uwanja. Nilinunua majani ya chai. Nilikuwa nimeandaa jibu la kukataa, jibu zuri, lenye heshima, na beberu alikuwemo ndani yake. Rogathe alipita mbele ya nyumba yangu akienda, akapita akirudi.

"Shikamoo, shemeji," nilimwambia.

"Marahaba. Uzio umependeza," alisema, akaendelea na safari.

Alipita hivyo mara sita. Alikwenda kwa watu wanaokaa mwendo wa saa mbili, na kwangu, hatua mia, hakuingia. Nilikasirika kuliko siku ya mnada. Mtu ana haki ya kuombwa hata kama atakataa.

Jumapili yenyewe ilikuja na ukungu. Saa mbili likafika gari dogo la mizigo, ndani yake mchungaji Theodory, wazee wawili wa usharika waliovaa makoti, na fundi mwenye ngazi na nyundo. Rogathe aliwaamkia wageni, akawakaribisha, akaenda kupiga kengele yake. Akapiga ya kwanza. Akapiga ya pili, akasimama anatazama njia. Watu walipita barabarani kuelekea hemani. Wengine walipunguza mwendo, wakaona gari na ngazi, wakaongeza mwendo. Akapiga ya tatu. Hakuna aliyekuja.

Mimi nilikuwa kwenye uzio.

Mchungaji aliongoza ibada vizuri, lakini kwa haraka, kama daktari ambaye hataki mgonjwa ajue. Baada ya wimbo wa mwisho mzee mmoja wa usharika alisimama. Alikuwa mtu mwema, nilitambua kwa sauti yake.

"Mama, tumekuheshimu na tunakuheshimu," alisema. "Lakini kidole kimoja hakivunji chawa."

"Sikuja kuvunja chawa, baba. Nimekuja kusali."

Fundi kule nje alikuwa ameshaegemeza ngazi ukutani. Mchungaji akauliza swali lake taratibu. "Mama Rogathe, watu wa mtaa huu ni wangapi?"

"Wawili," alisema.

Wazee walitazamana. Hata mimi niligeuka nyuma kuona ni nani amekuja.

"Wa pili yuko wapi?" mchungaji aliuliza.

Rogathe akafungua mkoba wake, akatoa daftari la mahudhurio. Kila mtaa una daftari hilo, lakini sikujua kwamba bado analiandika. Akampa mchungaji, akakaa. Mchungaji akalifungua na kuanza kusoma kwa sauti, na dirisha lilikuwa wazi.

"Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Wanawake, mmoja. Wanaume, mmoja, dirishani."

Akafungua ukurasa. "Wanawake, mmoja. Wanaume, mmoja, dirishani. Alichelewa."

"Wanawake, mmoja. Wanaume, mmoja, dirishani. Wakati wa mahubiri alisinzia, nyundo ikaanguka."

"Mvua kubwa. Wanaume, hakuna. Jioni nilikwenda kumjulia hali. Ana mafua."

Siku hiyo alikuja kweli kwangu, na chupa ya chai ya tangawizi. Nilidhani amekuja kutembea tu.

Mchungaji hakusoma tena kwa haraka. "Krismasi. Wanawake, mmoja. Wanaume, mmoja, dirishani. Wimbo wa pili aliimba bezi mpaka mwisho, nafikiri hakujua kwamba anaimba. Sauti ni ya marehemu Yoakimu kabisa. Nilimshukuru Mungu."

Nilikuwa nimeshika nguzo ya uzio. Jumapili sabini na zaidi. Mimi nilidhani nimejificha, na yeye wiki hadi wiki alikuwa ananiandika. Hakuja kuniomba nirudi kwa sababu katika daftari lake sikuwa nimetoka. Machozi yalinitoka, na sitasingizia ukungu.

"Lakini dirishani ni nje," alisema yule mzee wa pili, ambaye alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Naye hakukosea.

Mchungaji alikuja dirishani akachungulia. "Shikamoo, mzee Hermani."

"Marahaba."

"Samahani, mzee, lakini fundi anangoja. Wewe uko ndani, au uko nje?"

Nilitazama ngazi. Fundi alikuwa kwenye kipago cha tatu. Nikaruka uzio wangu mwenyewe, uzio bora Mbulu nzima, ukanichania suruali, nikazunguka kona ya kanisa na kuingia mlangoni. Ndani palikuwa pakubwa. Nilikuwa nimesahau kwamba pana mabenchi mengi hivyo, yote yamepanguswa vumbi, yote hayana mtu. Nikiwa dirishani nilikuwa nikimwona Rogathe tu. Sikuwahi kuona alichokuwa anakitazama yeye kila Jumapili akiinua macho kwenye kitabu.

Kwetu mtu aliyeacha ibada muda mrefu hawezi kuja tu akakaa. Anasimama mbele, anaulizwa, na ushirika ndio unaompokea. Tunaita kurudi kundini. Nilikuwa nimeona wengine wakifanyiwa hivyo zamani, na nilikuwa nawacheka.

"Uliondoka kwa sababu gani?" mchungaji aliniuliza.

"Kwa sababu ya mbuzi," nilisema.

Mzee mmoja alikohoa muda mrefu. Mchungaji, Mungu ambariki, hakucheka. Aliuliza kama natubu, nikasema natubu. Akageukia mabenchi yale, kama inavyotakiwa, akauliza kwa sauti ya kuwafikia watu mia, "Ushirika, mnampokea ndugu yetu huyu?"

Ushirika ulikuwa umekaa benchi la pili, na kitenge chake cha bluu. Ulinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha ukasimama, ukishikilia benchi la mbele.

"Nina swali kwanza," Rogathe alisema.

"Uliza, mama."

"Shemeji, mimi nina miaka sabini na moja. Siku nikifa, kengele utapiga?"

"Nitapiga."

"Wasipokuja?"

Niliyatazama yale mabenchi. Nilitaka kusema watakuja, usijali, Modest atakuja, vijana watachoka na spika. Lakini nilijua sivyo alivyouliza. Niliona Jumapili moja ambayo yeye hayupo, nami nimesimama pale na kitabu, naongoza, naitikia, nasoma matangazo, na nje ya dirisha hakuna mtu hata wa kusinzia. Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa, na ndipo nilipojua alichobeba mwanamke huyu mwaka mzima na nusu huku mimi nikipiga misumari.

"Hata wasipokuja," nilisema.

Alinitazama kidogo zaidi, apime kama nimesema nikijua.

"Anapokelewa," alimwambia mchungaji. "Lakini mwambie aweke chini hiyo nyundo, yuko kanisani."

Nikaiweka chini ya benchi, nikakaa kando yake. Nje tukamsikia fundi akishuka, kisha ngazi ikiondolewa ukutani na kuburutwa kwenda garini.